Siku Niliyoitwa Muuaji wa Vishungi

Jumanne ya pili ya Februari, saa nne na nusu asubuhi, ndege arobaini na mmoja walianguka mbele ya nyumba yangu.

Sio mmoja mmoja. Walianguka kama mtu kamwaga kapu la viazi.

Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimesimamishwa kazi, picha ya mlango wangu inazunguka kwenye simu za watu nisiowajua, na jirani yangu kasimama barabarani ananihubiria ubaya.

Tulieni niwasimulie mwenyewe, maana hii habari imeshasimuliwa sana na watu ambao hata hawakuwepo.

Naitwa Darka. Naishi Edmonton, upande wa mashariki, kwenye mitaa ile ya nyumba zinazofanana mpaka mgeni anaingia kwa watu wengine na kuvua viatu. Naendesha basi la shule. Asubuhi nawapeleka watoto, mchana nawarudisha, katikati nakuwa nyumbani na mama yangu, Olha, mwenye miaka sabini na tisa na mdomo wa miaka ishirini.

Sasa kuna hawa ndege.

Jina lao kamili ni refu, mimi nawaita vishungi. Wadogo, wa kijivu, kishungi kichwani kama wametoka saluni, ncha ya mkia ya njano kama imechovywa kwenye kopo la rangi. Baridi ikikaza wanashuka kwa makundi, mia mbili, mia tatu, wanatua kwenye mti wenye matunda mekundu, na kwa nusu saa mti unabaki mifupa.

Wazuri, sikatai.

Tatizo wanakula vyekundu na wanatoa vyekundu. Na wanavitolea popote walipo.

Desemba iliyopita mama alitoka kwenda kanisani na koti lake jeupe, akapita chini ya mti wetu. Alipoingia kanisani wanawake wawili walipiga yowe. Walidhani kachomwa kisu.

Lakini kero kubwa haikuwa ndege. Kero ni wanaowaangalia.

Mtaani kwetu kuna kikundi kinaitwa Macho ya Mtaa. Watu wazima, wastaafu wengi, kazi yao kuzunguka na darubini shingoni wakihesabu ndege. Unatoka kutupa takataka na gauni la kulalia, unakuta wanaume sita wamekuelekezea darubini. Unashtuka, unajifunika. Mmoja anakwambia kwa upole kabisa:

"Samahani dada, sogea kidogo kushoto."

Mwenyekiti wao ni Desmond Faircloth, anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Alikuwa mwalimu wa nidhamu sekondari miaka thelathini, akastaafu, lakini nidhamu haikustaafu. Darubini yake anaingia nayo mpaka dukani. Nimemwona kwa macho yangu akisoma bei ya maziwa kwa darubini.

Mwaka juzi alinipigia simu kuniambia pazia langu jekundu linawachanganya ndege.

Nikamwambia nitaliuliza pazia.

Basi, Novemba kulikuwa na mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa kusafisha theluji, lakini Desmond akasimama akaongea dakika ishirini kuhusu vishungi, jinsi tunavyopaswa kuona fahari wanapotutembelea. Mimi nilikuwa nimetoka kusugua ngazi zangu siku hiyo hiyo, mikono inaniwasha kwa sabuni. Nikaropoka:

"Mwalimu, wakija tena kwangu hao nitawawekea sumu ya panya, tuone fahari hiyo."

Watu wakacheka. Hata mchungaji alicheka.

Desmond hakucheka. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika.

Haya, turudi Jumanne.

Tulikuwa tumetoka kwenye baridi ya wiki tatu, nyuzi thelathini chini ya sifuri, ile ya pua kugandiana ndani. Halafu ghafla siku nne za joto. Theluji inadondoka kutoka mapaani, watu wanatembea koti wazi kama wamechanganyikiwa.

Nilikuwa jikoni nakunywa chai. Nikasikia puu!

Halafu puu, puu.

Halafu kama mtu anapiga dirisha la sebuleni kwa ngumi.

Nikakimbia. Aisee. Mbele ya nyumba theluji yote imejaa ndege. Wengine chali, miguu juu. Wengine wamejikunja. Mmoja kakaa kwenye ngazi kafumba macho, anayumba kushoto, kulia, kushoto, mwisho akadondoka kifudifudi.

Mnaweza kuniona mkorofi, lakini hakuna anayetaka kuona kitu kama kile. Niliokota mmoja. Alikuwa wa moto bado, mwepesi kama soksi.

Mama akatoka na ndala zake na shali. Akaniangalia, akawaangalia. Akainama akachukua mmoja, akamsogeza puani.

"Huyu kanywa," akasema.

"Mama!"

"Kanywa. Nuka mwenyewe."

"Mama, hawa wamekufa. Acha utani."

"Darka, nimeishi na baba yako miaka arobaini na miwili. Mlevi namjua hata akiwa na manyoya."

Sikumsikiliza. Nani anamsikiliza mama yake saa kama hiyo?

Na kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma yangu:

"Usiguse kitu chochote!"

Desmond. Anavuka barabara mbio, darubini inampiga kifuani, simu mkononi tayari inapiga picha. Hakuna habari za asubuhi, hakuna nini.

"Weka huyo ndege chini, Darka. Polepole. Huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wewe unajua wa nini."

Akapiga picha ndege. Akapiga picha ngazi. Akapiga picha mlango wangu, namba ya nyumba ikionekana vizuri kabisa. Akanipiga picha na mimi, na kwenye ile picha niko na kikombe cha chai mkononi, mdomo wazi, nywele kama kiota. Ukiiona unaamini kabisa huyu mama anaua.

Halafu akaanza kuwakusanya. Kaleta glavu, kaleta boksi la viatu vya theluji, kaleta na kikapu cha kufulia cha mke wake. Anamwokota mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti, sauti inatetemeka. Na nikiwa mkweli, hakuwa anaigiza. Jamaa alikuwa na machozi.

"Thelathini na saba. Thelathini na nane. Ee Mungu, huyu mdogo kabisa."

Watatu walikuwa chini ya dirisha, shingo zimevunjika. Hao aliwafunga peke yao kwenye kitambaa chake cha mfukoni.

Boksi na kikapu akavifunika kwa skafu, akaviweka kiti cha nyuma cha gari lake. Gari jipya, la mwezi mmoja, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Alikuwa ameliacha linanguruma na joto limewashwa, si unajua watu wa huku na magari yao.

"Nimempigia mtaalamu wa kituo cha wanyama pori," akasema. "Anakuja mwenyewe. Watapasuliwa, tutajua ni sumu gani."

Mama akamwambia kutoka ngazini:

"Kijana wangu, hivyo vitu vitafutie mfuniko wa maana. Hao wataamka."

Desmond alimwangalia kwa huruma, ile ya kumwangalia mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu.

"Mama Olha, waliokufa hawaamki."

"Marehemu mume wangu alikuwa anakufa kila Ijumaa jioni," mama akasema, "na Jumamosi saa nne anaomba supu."

Desmond akatikisa kichwa akaondoka.

Saa tano na dakika tano ujumbe ukaingia kwenye kundi la mtaa. Bado ninao, nausoma nikitaka kupandisha presha:

"Ndugu majirani, kwa masikitiko makubwa, ndege arobaini na mmoja wamekufa leo kwa kinachoonekana kuwa sumu, mbele ya nyumba ya mtu ambaye Novemba alituahidi mbele ya mashahidi kwamba angefanya hivyo. Jina sitaji."

Chini yake picha ya mlango wangu. Na mimi na chai yangu.

Basi kikanuka.

Mmoja akaandika: "Siku zote nilijua huyo mama ana roho mbaya." Huyo nimemsukumia gari lake kwenye theluji mara mbili.

Mwingine: "Na ndiye anayebeba watoto wetu!!!" Alama tatu za mshangao.

Mwingine, ambaye mpaka leo simjui: "Leo ndege, kesho mbwa, keshokutwa nani?"

Na yule mchungaji aliyecheka Novemba? Akaandika: "Tumwombee." Tumwombee! Umecheka kwa sauti kuliko wote, baba mchungaji, nilikuona jino la nyuma.

Saa sita kamili simu ikaita. Wendell, bosi wangu wa mabasi.

"Darka, zamu ya mchana usije."

"Bosi, subiri nikueleze."

"Sikuhukumu. Lakini nimepigiwa simu, nimetumiwa picha. Wazazi wakisikia neno sumu na neno dereva kwenye sentensi moja, mimi sina pa kujificha. Kaa nyumbani mpaka ijulikane."

"Miaka kumi na sita, Wendell. Miaka kumi na sita sijamkwaruza mtoto."

"Najua."

Akakata.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Sikulia. Ile kazi ndiyo inayotuweka mjini mimi na mama. Na zaidi ya hapo, wale watoto ni wangu. Kuna katoto kamoja ka darasa la kwanza hakapandi basi mpaka nikaulize sungura wake kaamkaje.

Saa sita na nusu mlango ukagongwa. Marlys.

Marlys ni shoga yangu wa nyumba ya tatu, miaka tisa ya urafiki. Kaja na keki ya ndizi, ya moto, kaifunga kwa taulo ya jikoni. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Shoga yangu, pole. Pole sana. Nimesoma yote yale nikatetemeka. Watu wana roho gani?"

Hapo ndipo nililia.

Akanikatia kipande, akanipaka siagi, akakaa mkabala na mimi kanishika mkono. Keki tamu, sidanganyi. Nilikula vipande vitatu. Mama alikataa, akasema meno.

Halafu Marlys akainama karibu, sauti ya chini:

"Lakini Darka. Mimi na wewe tu. Hukuweka kitu chochote? Hata kidogo? Kwa hasira tu?"

"Marlys!"

"Nauliza tu! Naweza kuulizwa na watu, nijue cha kujibu."

"Jibu kwamba sijaweka."

"Nitajibu hivyo hivyo, mpenzi."

Nje sauti zikaanza kuongezeka. Nikachungulia kwenye lile pazia langu jekundu. Watu kama ishirini na tano wamesimama barabarani. Macho ya Mtaa wote wapo na darubini zao, sijui walikuja kuangalia nini kwa darubini umbali wa hatua kumi. Wengine wamekuja na mbwa. Kuna mmoja kaja na kiti cha kukunja.

Marlys akasema, "Usitoke."

Mama akasema, "Toka. Ukijificha umekubali."

Nikavaa koti nikatoka. Mama nyuma yangu. Marlys akabaki ndani, eti aoshe vikombe.

Desmond alikuwa kapanda kwenye rundo la theluji pembeni ya gari lake, anahutubia. Mwalimu wa nidhamu karudi paredi.

"Mimi sitaki kumhukumu mtu," anasema. Mtu akianza hivyo, jua umeshahukumiwa. "Nasema tu nilichokiona. Leo asubuhi saa mbili hawa ndege walikuwa kwangu, nyuma ya nyumba, kwenye mti wangu wa vitufaha. Wazima kabisa! Nina picha mia nne. Wamekula wakashiba kwa saa mbili nzima, wanaimba. Wakaruka, wakavuka barabara, wakafika kwake. Wakafa. Hiyo haihitaji chuo kikuu."

Watu wakaguna. Mbwa mmoja akabweka.

"Mwalimu," nikasema, "mti wangu hauna tunda hata moja tangu Januari. Wangekula nini kwangu?"

"Hilo ndilo tunalotaka utuambie wewe!"

Wakapiga makofi. Jamani, makofi! Watu niliokula nao pirohi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, kanisani wananipigia makofi ya kunizomea.

Nilitamani nirudi ndani. Mama kanishika mkono wa koti, haachii.

Na ndipo tukasikia.

Tiii.

Sauti nyembamba, kama kengele ndogo. Inatoka kwenye gari.

Kila mtu akageukia gari.

Tiii. Tiii.

Kwenye dirisha la nyuma kikatokea kishungi kimoja, kimepinda upande, jicho moja limefunguka. Kimekaa juu ya kiti cha ngozi kinatuangalia kama mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua.

Halafu skafu ikaanza kutembea.

"Mungu wangu," Desmond akasema. "Mmoja yuko hai."

Mmoja? Skafu iliruka yenyewe. Ndani ya gari kukalipuka dhoruba ya manyoya. Ndege thelathini na nane wameamka kwa wakati mmoja, na hangova, kwenye chumba kidogo chenye joto. Wanapiga vioo, wanapiga dari, wanakaa kwenye usukani. Na kila mmoja, bila kubagua, anashusha mzigo aliopanda nao.

Wekundu.

Viti vya rangi ya maziwa, wakuu. Viti vya rangi ya maziwa!

Desmond akakimbilia mlango. Watu wakapaza sauti asifungue, wengine afungue, mwenye kiti cha kukunja kasimama juu yake anarekodi. Akavuta mlango.

Walitoka wote kwa mkupuo, kupitia kwenye uso wake.

Alibaki kashika mlango, miwani imejaa, kofia nyekundu ambayo asubuhi ilikuwa ya kijivu.

Mama yangu peke yake ndiye aliyeongea. Hakupandisha hata sauti.

"Jumamosi saa nne," akasema.

Nilicheka. Sikuweza kuzuia. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye theluji.

Lakini ngojeni, haijaisha.

Wale ndege hawakwenda mbali. Walipanda juu, wakazunguka mara moja, wanayumba yumba, wawili wakagongana hewani. Halafu kundi zima likapinda juu ya paa la Desmond na kushuka nyuma ya nyumba yake.

Tukaenda wote. Tulipita pembeni ya nyumba yake kama msafara wa mazishi, yeye mbele na uso ule, hakukumbuka hata kutuzuia.

Nyuma kulikuwa na mti wa vitufaha, umejaa matunda mpaka matawi yameinama. Mwezi wa pili! Miti yote ya mji mitupu, ule wake umeshiba. Na vishungi wote juu yake, wanakula tena kwa pupa. Kama baa imefunguliwa upya.

Mwanamke mmoja wa umri wangu akapenya katikati ya watu, koti la kazi, mkoba begani. Alikuwa ndiye mtaalamu aliyeitwa na Desmond mwenyewe, Renée Auger, katoka kituo cha wanyama pori. Alikuwa kafika wakati dhoruba ya gari inaendelea, hakuna aliyemwona.

Akaokota kitufaha kimoja chini. Akakiminya. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Hiki kingewekwa chupani kingeuzwa," akasema. "Mti wa nani huu?"

Watu wakamwangalia Desmond.

"Wangu," Desmond akasema.

"Imekuwaje matunda yamebaki mpaka leo? Kwa kawaida Krismasi haiyakuti."

Desmond akatupia jicho ukutani kwa nyumba yake.

Jibu lilikuwa chini ya ukuta, limekunjwa vizuri. Wavu. Tangu Septemba jamaa alikuwa kaufunika mti wake wavu, ndege wasiguse hata kimoja, wafe njaa huko kwingine. Akaufunua Jumapili. Kwa nini? Kwa sababu Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na shindano la picha la Macho ya Mtaa, na alitaka mtaa mzima uwe mtupu ila kwake tu, vishungi wote waje wapige pozi mbele ya kamera yake.

Matunda yakaganda, yakayeyuka, yakaganda, yakaja na zile siku nne za joto. Yakachacha juu ya mti. Desmond akawafungulia mlango.

"Hakuna sumu hapa," Renée akasema. "Wamelewa. Wakilewa hawaoni vioo. Waliobaki wanahitaji usingizi, na huu mti ufunikwe sasa hivi kabla hawajarudi kwenye dirisha la mtu."

"Nilisema," mama akasema.

"Ulisema nini, mama?" Renée akauliza.

"Nilisema saa nne na nusu. Lakini mimi sina darubini."

Wallahi watu waliondoka pale bila kuaga. Mwenye kiti alikikunja. Mchungaji hakuonekana. Kwenye kundi la mtaa ujumbe ulianza kufutwa mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, kama watu wanaofuta nyayo. Jioni Desmond akaandika: "Matukio ya leo yanatufundisha sisi sote." Sisi sote! Mimi nilifundishwa nini? Nilikuwa nakunywa chai.

Lakini nimtendee haki. Kesho yake asubuhi nilipotoka, njia yangu yote na ngazi zilikuwa zimesafishwa theluji mpaka saruji. Desmond alikuwa kainama mwishoni na beleshi lake. Hakunitazama.

"Wale watatu," akasema. "Nimewazika nyuma. Nilidhani ungependa kujua."

"Asante."

"Niliwaua mimi."

Kuna wakati ulimi unakuwa na maneno matamu kabisa ya kumchoma mtu, ukiyatema unajisikia vibaya wewe. Nikamwambia gari litasafishika kwa siki na maji vuguvugu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukwangua barafu. Mpaka leo hajatamka samahani. Lakini mpaka leo sijashika beleshi.

Wendell alinirudisha kazini siku hiyo hiyo. Nilipoenda kuchukua funguo ofisini, nikamwambia kwa utani:

"Bosi, huyu mwalimu wa ndege alikupandisha presha kweli."

"Mwalimu gani?"

"Desmond. Aliyekupigia."

Wendell akakuna kidevu.

"Sikupigiwa na mwanaume. Alikuwa mwanamke. Alisema yeye ni rafiki yako wa karibu, inamuuma sana, lakini hawezi kunyamaza kwa ajili ya watoto. Ndiye aliyenitumia picha." Akaangalia simu yake. "Saa tano na dakika ishirini. Marlys fulani."

Nikachukua funguo zangu.

Jioni nikaenda nyumba ya tatu. Akafungua na tabasamu, mikono mbele kunikumbatia. Nikabaki nimesimama.

"Marlys, ulimpigia Wendell."

Tabasamu likabaki pale pale usoni, kama limesahaulika.

"Darka, mpenzi, nilikuwa nawafikiria watoto."

"Na keki?"

"Keki ilikuwa ya kukufariji!"

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulipiga simu kabla ya kuoka, au baada?"

Aliangalia chini.

"Ilikuwa ovenini," akasema.

Basi. Nikarudi nyumbani.

Fundisho langu ni hili, chukueni au acheni. Desmond alinitukana barabarani, mchana, mbele ya watu, na alipokosea kila mtu alimwona akikosea. Huyo naweza kuishi naye mkabala. Kazi ngumu ni kwa yule aliyekushika mkono. Siku ukipatwa na janga, shoga akakuletea keki ya moto, kula, usiinyime nafsi. Ila kabla hujamlilia begani, muulize wakati inaiva alikuwa anaongea na nani.